Yule Mjapani wa Nobeli alikuwa anaangalia hamira, sio watu waliofunga

Mama mdogo alidondoka saa kumi na moja alfajiri pembeni ya karai la maandazi, pale Igoma, hapa Mwanza, anapouzia. Mafuta yalikuwa hayajapata moto vizuri na hiyo ndo ilikuwa salama yetu, maana mkono wake uliangukia ukingoni mwa karai. Dada anayeuza chai jirani yake akamkuta anatetemeka, jasho linamtoka kama kamwagiwa maji, anaongea vitu havieleweki, na kwa vile anajua mama ana sukari akakoroga chai ya rangi na sukari nyingi akawa anamnywesha kidogo kidogo huku ameshamtuma kijana wa bodaboda aje kunigongea. Mpaka nafika ameanza kujitambua. Hospitali wakapima wakasema sukari ilishuka sana, wakamuuliza jana umekula nini. Hajala. Juzi? Uji kidogo asubuhi, basi. Ila vidonge vya sukari kameza vyote kama kawaida.

Nikamuuliza, mama, kwa nini? Hakunijibu, akanipa simu.

Ilikuwa ni meseji ya WhatsApp, zile ndefu zilizopita mikono mingi mpaka zinakuja na vile vimishale viwili juu. Inasema kuna Mjapani anaitwa Profesa Yoshinori Ohsumi, mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Nobeli kwa kugundua kwamba mtu akikaa na njaa masaa 16 mwili unaanza kula seli zake mbovu, unakula kansa, unakula sukari, unakuwa mpya, na ukiendelea siku mbili tatu hata dawa unaacha. Chini imeandikwa tuma kwa unaowapenda. Mama mdogo alitumiwa na mtu anayempenda kweli, hilo halina ubishi, na yeye alishaanza kuiandaa aitume kwangu.

Nimekaa na hii kitu kifuani wiki tatu sasa. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, huyu Ohsumi nimemfundisha miaka na miaka, ni mmoja wa watu wachache ambao nikianza kuwaelezea darasani kengele inalia na hakuna anayenyanyuka. Jina kwenye ile meseji ni lake kweli, mwaka ni wenyewe, tuzo ni yenyewe, na hapo ndo sumu ilipo, maana ukienda kuhakiki jina unalikuta, unaamini na yaliyobaki. Lakini huyu mzee hakuwahi kupewa Nobeli kwa ajili ya kufunga. Alipewa kwa kuangalia hamira. Na hiyo habari ya hamira ni nzuri kuliko meseji, yani ni nzuri kiasi kwamba nikikumbuka mama yangu kaanguka kwa sababu ya toleo la uongo la habari nzuri namna ile naumia mara mbili. Kwahiyo naandika yote hapa, ili ukitumiwa na wewe uwe na cha kurudisha.

Nianze na mbalamwezi.

Mimi nimekulia Ukerewe, baba alikuwa mvuvi wa dagaa. Anayejua dagaa anajua kwamba anavuliwa gizani, unawasha karabai (sikuhizi ni taa za sola) na dagaa anaufuata mwanga, kwahiyo zile siku mwezi umejaa kazi inasimama, ziwa zima lina mwanga dagaa hana sababu ya kuja kwenye taa yako. Mwaloni, pale mitumbwi inapoleta samaki, hela inakauka. Ndo siku hizo nilikuwa namwona baba na wenzake wamevuta mitumbwi mchangani, wamekaa kivulini, wanachukua wavu uliochakaa wanaukata, sehemu ambazo bado ni nzima wanazitoa, maboya wanayafungua, kamba wanaifumua, na vile vipande ndo vinaenda kuziba matundu ya wavu mwingine. Hakuna aliyekuwa anaenda dukani kununua nyuzi, hela ya nyuzi ingetoka wapi. Wavu mbovu ndo duka. Giza likirudi wanaingia ziwani na wavu uliosimama tena.

Seli zako zinafanya hivohivo na jina lake ni otofaji, neno la Kigiriki, maana yake kujila mwenyewe. Ndani ya seli unatokea utando mdogo umejikunja kama bakuli, unakua, unazunguka kipande cha seli yenyewe, labda protini zilizochakaa au mitokondria (vile vijitambo vya kuipa seli nguvu) iliyoharibika, unakifunika mpaka unafunga na kuwa kifuko. Kifuko kinapelekwa mahali penye vimeng'enya vikali, yani protini za kuvunjavunja vitu, kwetu sisi panaitwa laisosomu na kwenye hamira ni vakuoli, huko kila kitu kinavunjwa mpaka kuwa vipande vidogo kabisa, asidi amino na vinginevyo, vinarudishwa kwenda kujengea kitu kipya. Na kama ilivyokuwa kwa baba, sio mpaka njaa iingie, hata siku za kawaida kuna kiasi kidogo kinaendelea kila saa, tundu likionekana linazibwa, ila njaa ikiingia kazi inapamba moto.

Kuna hesabu moja huwa nawapa wanafunzi wangu, na ni hesabu ambayo Ohsumi mwenyewe anaipenda. Mtu mzima anakula protini kama gramu 70 hivi kwa siku. Lakini kwa siku hiyohiyo mwili wake unajenga protini kama gramu 200 mpaka 300. Sasa zile nyingine zinatoka wapi? Zinatoka kwenye protini za jana, zimevunjwa zimejengwa tena. Sio zote zinapita njia ya otofaji, seli ina njia nyingine pia ya kuvunja protini, lakini ukweli ndo huo, sehemu kubwa ya mwili wako wa leo imejengwa na wewe wa jana na sio sato uliyekula mchana.

Jina lenyewe la otofaji sio la Ohsumi. Ni la Mbelgiji, Christian de Duve, huyu ndo aliyegundua laisosomu mwaka 1955, na mwaka 1963 kwenye mkutano London akalitoa hilo neno. Nobeli yake alipata 1974. Ila baada ya hapo kazi ilikwama kwa muda mrefu. Watu walikuwa wanachukua ini la panya wanalipiga picha kwenye hadubini ya elektroni, wanaona vifuko, wanasema naam vifuko vipo, basi. Nani anavitengeneza, vinawashwa na nini, jeni zipi zinahusika, hakuna aliyekuwa na pa kushika. Kifuko kinaishi dakika chache tu kinaisha, utamkamata vipi mtu ambaye kila ukigeuka ameshaondoka.

Sasa Ohsumi. Alizaliwa Fukuoka, Japani, tarehe 9 Februari 1945, vita ikiwa imebakiza miezi sita tu kuisha, baba yake alikuwa profesa wa uhandisi Chuo Kikuu cha Kyushu. Akasoma Chuo Kikuu cha Tokyo, PhD akamaliza 1974, alafu akaenda New York, Chuo Kikuu cha Rockefeller, kwenye maabara ya Gerald Edelman ambaye alikuwa na Nobeli yake ya 1972. Huko akapewa kazi ya mayai ya panya na urutubishaji nje ya mwili, mambo ambayo hakuwa ameyasomea kabisa, baadaye ndo akahamia kwenye hamira, na hiyo hamira ndo ikawa mchumba wake wa maisha. Kitu ambacho huwa kinanigusa ni kwamba de Duve naye alikuwa na maabara pale pale Rockefeller miaka hiyo hiyo. Aliyelipa jambo jina na atakayekuja kulifungua walikuwa chuo kimoja, na Ohsumi kipindi hicho hana habari na otofaji, anahangaika na mayai ya panya.

1977 akarudi Tokyo, akawa msaidizi kwenye maabara ya Profesa Yasuhiro Anraku, na hapo akaamua kushika vakuoli ya hamira. Naomba uelewe huo uamuzi. Wakati ule wengi walikuwa wanaichukulia vakuoli kama jalala la seli, mahali pa kutupia, na vijana wenye akili walikuwa wanakimbilia utando wa nje wa seli ambako ndo kulikuwa na majina makubwa na mashindano. Yeye amesema mara nyingi kwamba sio mtu wa kushindana, anapenda kwenda ambako hakuna mtu. Akakaa na lile jalala kama miaka kumi, anapima vitu vinavyopita kwenye utando wake, na akapata matokeo ya maana tu, ila sio ya kumpa mtu jina mjini. Kwa wenzake wengi alikuwa amechelewa. Maabara yake mwenyewe aliipata 1988, ana miaka 43, chumba kidogo, anaanza peke yake.

Hapa ndo napendaga kuongea taratibu.

Alikuwa na swali rahisi sana. Vakuoli imejaa vimeng'enya vya kuvunjavunja, sasa inavunja nini, na kinaingiaje? Alijua hamira ikinyimwa naitrojeni inabadilika kabisa, inaacha kugawanyika inaanza kutengeneza spora, na kubadilika kote huko kunahitaji protini mpya wakati hakuna malighafi kutoka nje, kwahiyo lazima inavunja za zamani. Lakini uvunjaji ukiwa wa haraka huwezi kuona kitu, kinachoingia kinayeyuka hapo hapo. Basi akawaza kinyume. Akachukua hamira ambazo hazina vile vimeng'enya vya ndani ya vakuoli, akazinyima naitrojeni, akaziweka chini ya hadubini ya kawaida. Ni sawa na soko ambalo gari la taka halijapita, siku zote hujui soko linatoa taka kiasi gani, ila gari likikosa siku tatu utajua.

Ndani ya masaa machache vakuoli ilikuwa imejaa vitu vya mviringo, vidogo, vingi, vinacheza huku na huku bila kutulia. Hakuna mtu aliyewahi kuviona kwenye hamira. Ohsumi akakaa anaviangalia kwa masaa.

Mimi hiyo picha huwa inanipa kitu kooni kila mwaka nikiifundisha. Mtu wa miaka arobaini na kitu, amechelewa, yuko peke yake na chumba chake, hana mashine ya ajabu, ana hadubini kama ile ambayo chuo chochote kinayo, na ana hamira, na jambo ambalo dunia imelitafuta miaka 25 liko pale linacheza mbele ya macho yake kwa sababu tu alijua auzibe mlango upi. Baadaye Misuzu Baba, mtaalamu wa hadubini ya elektroni kutoka Chuo Kikuu cha Wanawake cha Japani, akapiga picha za karibu kabisa, ikaonekana kweli vile vimviringo ni vipande vya seli yenyewe, ribosomu (vitengeneza protini vya seli) zimo, mitokondria wakati mwingine zimo, vimefungwa na kuletwa. Walichapisha 1992.

Kuona tu kungetosha kumpa mtu heshima, lakini uzuri wa hamira ni kwamba unaweza kuiuliza maswali. Akiwa na mwanafunzi wake Miki Tsukada wakachukua hamira wakaziharibu jeni zake ovyo ovyo kwa kemikali, wakaanza kutafuta ambazo zikinyimwa chakula vakuoli haijai vimviringo. Maana yake zile zimekosa jeni ya kufanya otofaji. Ya kwanza waliipata kwa kuangalia moja moja kwa hadubini, kazi ya kuua macho. Alafu wakagundua kitu kwa hiyo ya kwanza, kwamba inaishi vizuri kabisa kukiwa na chakula, ila njaa ikiwa ndefu inakufa mapema kuliko wenzake. Hapo njia ikawa imefunguka, wakawa wanazishindisha na njaa, wanaweka rangi ambayo inaingia kwenye zilizokufa zinageuka nyekundu, wanachuja, na hizo nyekundu ndo zinaenda kwenye hadubini. Walianza na hamira 38,000. Wakapata makundi 15 ya jeni. Makala ilitoka 1993, ina kurasa chache tu, haikutoka kwenye jarida la kujigamba, na karibu kila mtu anayefanya kazi ya otofaji leo amesimama juu yake.

Miaka iliyofuata ilikuwa ni ya kuzisoma hizo jeni moja baada ya nyingine. Mwaka 1996 akahamia Okazaki, Taasisi ya Taifa ya Baiolojia ya Msingi, akakusanya vijana ambao sasa hivi wenyewe ni majina makubwa, Noboru Mizushima, Tamotsu Yoshimori na wengine. 1998 wakaonyesha kuna protini mbili zinaunganishwa pamoja kwa namna ya ajabu ili utando uweze kujengeka, mwaka 2000 wakaonyesha nyingine, inaitwa Atg8, inabandikwa kwenye mafuta ya utando wenyewe, hiyo ndo imekuja kuwa alama ambayo dunia nzima inaitumia kutambua kifuko kiko wapi. Na mwaka huohuo wa 2000 ndugu yake Atg8 kwa wanyama, inaitwa LC3, ikatambuliwa na Yoshimori na wenzake. Yani kilichokuwa kwenye hamira kipo kwako. Kulikuwa na maabara nyingine pia, Ujerumani na Marekani, zimekamata jeni hizohizo kwa majina yao, ikawa vurugu, jeni moja ina majina matatu, mpaka 2003 wakakaa wakakubaliana jina moja, ATG, kifupi cha jeni za otofaji kwa Kiingereza. Leo ziko zaidi ya 40 kwenye hamira na fangasi jamaa zake.

Kuna jaribio moja la Mizushima na wenzake, 2004, ambalo nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza ndo nililielewa. Walitengeneza panya wasio na jeni ya Atg5. Wanazaliwa wanaonekana kama wazima, na ndani ya siku moja wanakufa. Kwa nini siku ya kwanza? Kwa sababu tumboni chakula kinakuja muda wote kupitia kondo, siku ya kuzaliwa kinakatika ghafla, na kabla maziwa hayajatosha kuna masaa ya njaa kali ambayo kila mtoto wa mnyama anayapitia. Panya wa kawaida siku hiyo otofaji inapanda juu sana, anajila kidogo ili afike kwenye ziwa la mama. Yule asiye nayo hafiki.

Basi kuanzia hapo kila mtu akaja. Beth Levine huko Marekani, 1999 alionyesha kwamba jeni inayofanana na moja ya zile za hamira, ikirudishwa kwenye seli za kansa ya matiti, uvimbe kwenye panya unakua kwa shida. Vojo Deretic na wenzake, 2004, wakaonyesha kwamba seli za kinga zilizoingiwa na wadudu wa TB, ukiziwasha otofaji, wadudu wanabanwa na kupelekwa kwenye laisosomu. Kwa sisi wa kanda ya ziwa ambao kila ukoo una mtu amemeza dawa za TB hiyo ni habari ya nyumbani, ingawa baadaye kwa panya wazima ikaonekana mambo ni magumu zaidi ya ilivyokuwa kwenye sahani ya maabara. Watafiti wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, wakakuta mitokondria mbovu zisizoondolewa. Makala za otofaji zilizokuwa za kuhesabu kwa vidole sasa ni maelfu kila mwaka.

Na hii nayo, ambayo wanafunzi hawaiamini mpaka niwaonyeshe. Klorokwini. Aliyezaliwa kabla ya 2001 anaikumbuka, ule uchungu wake na ule muwasho wa mwili mzima, kabla Tanzania haijaiacha kama dawa ya kwanza ya malaria. Klorokwini inaingia kwenye laisosomu inapunguza ukali wa tindikali, vimeng'enya vinashindwa kazi, vifuko vinarundikana. Kwenye maabara za otofaji duniani wanaitumia kila siku kuziba ule mlango, wanafanya kwa seli za watu kile ambacho Ohsumi alifanya kwa hamira. Na ndugu yake, haidroksiklorokwini, imejaribiwa kwa wagonjwa wa kansa.

Subiri, kwa nini mtu wa kansa umzibie otofaji? Hapa ndo ile meseji inapovunjika kabisa. Kwa sababu uvimbe ukishakuwa mkubwa, seli za kansa zenyewe zina njaa, damu haizifikii vizuri, na zinatumia otofaji kujiokoa. Wavu unaozibwa unaweza kuwa wa mwizi. Mwanzoni otofaji inasaidia seli isiharibike, baadaye inaweza kumlinda adui. Hakuna popote ambapo Ohsumi alisema mwili ukiwa na njaa unachagua kansa unaila. Hakuna masaa 16 kwenye kazi yake. Hamira zake zilinyimwa naitrojeni, hazikufunga, hazikuwa na kongosho wala insulini, na mpaka leo kwa binadamu aliye hai ni kazi ngumu sana kupima otofaji inavyokwenda, hakuna saa iliyopimwa na kukubalika kwamba hapa ndo inawaka.

Sisemi vibaya mfungo wa mtu. Nyumbani kwetu tunafunga Kwaresma, majirani zangu wanafunga Ramadhani, na mfungo wa ibada una sababu zake ambazo hazihitaji hadubini. Ila mgonjwa wa sukari anayemeza vidonge vinavyoshusha sukari, akiacha kula bila kuongea na daktari wake, vidonge havijui kama amefunga. Vinashusha tu. Kama una mzazi mwenye sukari na simu janja naomba leo umuulize ametumiwa nini.

Nobeli ilitangazwa tarehe 3 Oktoba 2016, akapewa peke yake, ana miaka 71, jambo ambalo siku hizi ni nadra maana mara nyingi wanagawana wawili au watatu. Kabla ya hapo alishapata Tuzo ya Kyoto 2012. Zaidi ya tuzo napenda alichofanya baadaye, alianzisha mfuko wa kusaidia utafiti wa sayansi ya msingi, ule ambao hauna faida ya kuonekana kesho, na amekuwa akisema hadharani kwamba vijana wanasukumwa kutafuta tu vitu vyenye matumizi ya haraka. Nikiwa Mwanza hapa nafikiria, kijana wangu akija akaniambia madam nataka kusoma vakuoli ya hamira, tutamjibu nini kama familia, kama shule? Tutamuuliza itakupa kazi gani.

Mama mdogo anaendelea vizuri. Nilihamia kwake wiki ya kwanza, usiku tunakanda unga pamoja ili asubuhi uwe umeumuka, na usiku mmoja nikamwelezea yote haya, kuanzia mbalamwezi maana baba yangu alikuwa shemeji yake na mambo ya mwaloni anayajua. Akanisikiliza vizuri huku anakoroga hamira kwenye maji ya vuguvugu. Nilipofika kwenye hadubini akasimama.

"Hii hii?"

"Hii hii mama."

Akainama akaangalia kikombe, povu limeanza kupanda. Akakaa kimya sana, alafu akauliza, "Na hiyo hamira yake ilikuwa inameza vidonge vya sukari?"

Nikamwambia hapana. Akasema basi, akachukua simu, akaniomba nimwandikie maneno ya kumrudishia yule aliyemtumia, kwa upole, asije akajisikia vibaya. Tuliandika pamoja mpaka saa tano usiku.

Juzi nimeipeleka hamira yake darasani kidato cha tano. Tuna hadubini mbili zinazofanya kazi, wanafunzi wanapanga foleni, na ukipunguza mwanga vizuri kwenye lenzi kubwa unaiona ile vakuoli, duara jeupe ndani ya seli. Vimviringo vya Ohsumi huwezi kuviona kwenye hamira ya dukani, ina vimeng'enya vyake vyote, inasafisha. Niliwachorea ubaoni jinsi lile bakuli la utando linavyokua na kufunga. Binti mmoja wa nyuma, haongeagi kabisa, akanyoosha mkono akauliza: "Madam, na huo utando wenyewe unatoka wapi?"

Nilifurahi mpaka nikakaa chini, maana hilo ndo swali lililowasumbua watu wa otofaji zaidi ya miaka 50. Nikampa nilichonacho. Kuna vifuko vidogo sana vyenye protini ya Atg9 vinaanzisha mbegu ya bakuli, alafu 2019 maabara kadhaa zilionyesha kwamba protini nyingine, Atg2, ni kama mfereji kati ya mtandao wa tando za ndani ya seli na lile bakuli, inapitisha mafuta kutoka huku kwenda kule, na 2020 ikaonekana Atg9 kazi yake ni kuyasambaza hayo mafuta pande mbili za utando ili ukue sawasawa. Akaandika. Alafu akauliza sasa nani anauambia ufunge.

Kengele ikalia. Nimewaambia Jumatatu kila mtu aje amechora anavyofikiri yeye, na hamira atatoa mama mdogo.